Tupeane uzoefu: kukagua mitambo ya muziki kwenye ukumbi usioujua kabla ya sherehe

Kipaza
Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa harusi na sendofu ukiwaka, kila wikiendi ni ukumbi mwingine. Mafundi mitambo, madj na ma-MC, tuwekeane hapa: ukifika ukumbi mgeni unakagua nini, na kwa nini? Naanza na umeme, maana ndio unaounguza vifaa na ndio unaoua.

Soketi ya ukutani usiiamini mpaka uipime kwa multimita, yaani kipima umeme. Laivu (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) isome karibu na volti 230. Laivu na ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini) isome karibu hivyohivyo. Nyutro na ethi isizidi volti chache. Laivu na ethi ikileta namba zinazoelea, mara 60 mara 90, hapo ethi hakuna: MC akishika maiki huku mguu umegusa chuma cha jukwaa, anaweza kupigwa shoti. Ukishamaliza, omba wawashe AC, taa zote na friji za vinywaji, halafu pima tena. Ikishuka chini ya 200, laini imezidiwa. Dai laini nyingine mapema, si maharusi wakiwa mlangoni. Kama hujazoea kupima umeme ukiwa hai, mwite fundi umeme.

WayaMoja
Mkuu Kipaza umeanza penyewe. Naongezea mvumo, ule "mmmm" wa hezi 50 na 100 unaosikika muziki ukinyamaza. Mara nyingi unatokea mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) ikichomekwa nyuma ya ukumbi na amplifaya jukwaani, kila kimoja na ethi yake. Vuta umeme wa vyote kutoka sehemu moja. Ikishindikana, weka DI boksi (kiboksi kinachokaa kati ya vifaa viwili kwenye njia ya sauti) yenye swichi ya kukata graundi ya waya wa sauti, si ethi ya umeme. Jamani, kukata pini ya ethi kwenye plagi si dawa! Mvumo unaisha kweli, lakini kinga nayo imeondoka, na spika yenye hitilafu itakaa na umeme kwenye bodi yake bila mtu kujua.

Ekstensheni ya roli ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringwa na amplifaya zinavuta, inachemka mpaka plastiki inayeyuka. Kwenye jenereta, muulize msimamizi nani anageuza swichi na mafuta yapo kiasi gani. Mikisa na laptop viwe kwenye UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), kwa sababu mikisa ya dijitali ikizimika inachukua muda kuamka na ukumbi mzima unakusubiri wewe.

Mwangwi
Simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia "tatatata", kuta mbili zinarushiana sauti. Geuza spika kidogo zisielekee moja kwa moja ukuta wa nyuma. Twita (spika ndogo za sauti za juu) ziwe juu ya vichwa vya watu waliosimama, kama mita 2 hivi, zikilenga viti vya nyuma. Wazee wa meza kuu wasikae mdomoni mwa spika.

Kosa kubwa ni kumaliza kila kitu ukumbi ukiwa mtupu. Vigae, vioo na bati vinarudisha sauti. Watu 300 wakikaa, miili na nguo zao zinanyonya, hasa sauti za juu. Ukiwa umezikata sana jioni, usiku MC hasikiki maneno. Acha nafasi ya kurekebisha wageni wakishajaa.

Kijana wa Mitambo
Kaka Mwangwi, kwenye ukumbi mrefu nikiweka spika nyingine katikati, maneno yanakuja mara mbili kwa watu wa nyuma. Shida nini?

Mwangwi
Mdogo wangu, umeme kwenye waya unafika papo hapo, sauti hewani inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde. Spika ikiwa mita 20 mbele ya zile za jukwaani, icheleweshe milisekunde 58 kwenye mikisa. Kisha kaa nyuma usikilize mtu akiongea, si muziki. Maneno ndiyo yanayofichua.

Dada Maiki
Maiki zisizo na waya: washa kwanza kila kitu, pamoja na skrini na maiki za wapiga video, ndipo utafute masafa yaliyo wazi. Risiva (kipokezi cha mawimbi ya maiki) iwe juu, ionekane, isifichwe nyuma ya meza, maana miili ya watu inakula mawimbi. Tembea na maiki ikiwa hewani hadi mlango wa maharusi na mbele ya spika. Pandisha sauti hadi ianze kupiga mluzi, tafuta masafa ya mluzi huo kwenye ikwalaiza (vidhibiti vya kupandisha na kushusha masafa ya sauti), punguza desibeli 3 hadi 6. Rudia ukiwa umefunika wavu wa maiki kwa kiganja, kwa sababu ndivyo wasoma risala wengi wanavyoishika, na hapo maiki inaokota sauti kutoka pande zote. Betri ziwe mpya, na maiki moja ya waya ibaki imechomekwa.

Tarumbeta zikiingia, zima maiki zote za jukwaani. Tarumbeta zina sauti ya kutosha zenyewe.