Naomba ushauri: chakula cha jioni cha watu 14, malipo tuyapange vipi?

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwalimu mwenzetu anastaafu baada ya kutimiza miaka 60, nasi tumekubaliana kumuaga kwa chakula cha jioni katika mgahawa mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, ambao wakazi wa mtaa wanausifu kwa mishkaki na kuku wa kupaka.

Kinachonisumbua ni malipo. Wenzetu wawili hawali nyama kabisa na mmoja ana kisukari, hivyo hula kidogo. Tukigawa bili sawasawa, anayekula dengu na chapati atamlipia anayekula kamba, jambo ambalo naliona si haki, na tukiacha kila mtu alipe chake, mhudumu atahangaika na hesabu za watu 14 mbele ya mgeni wetu, ambaye hapaswi hata kuiona bili hiyo. Nimefikiria tuagize masinia ya biriani, moja la mbuzi na jingine la mboga, kisha kila mmoja atume mchango wake kwa simu siku tatu kabla. Hata hivyo, nahofia kwamba wenye kipato kidogo watajitoa kimya kimya, na hilo litaniuma sana.

Waliowahi kuandaa shughuli kama hii, mlikadiria vipi kiwango cha mchango bila kumwaibisha mtu? Je, ni vyema kutoa arbuni kabla idadi ya watu haijathibitika?