Siku mwekezaji alipofika kwenu mlifanya nini? Tupeane uzoefu

Mtoto_wa_Fundi

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita tulikuwa tunagawana vitu vya marehemu mzee, chini ya sanduku tukakuta faili la kaki limefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ni barua mwanzo mwisho: kwa waziri, kwa mkuu wa mkoa, kwa wakili, miaka kumi na minne mfululizo. Zote zimeandikwa juu "Yah: Mapunjo ya mafao yetu".

Mzee alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo cha serikali. Mwaka 1998 kikauzwa. Wakakusanywa kantini, yakasomwa majina. Ambaye hakusikia lake akakabidhi ovaroli stoo. Kesho yake mzee akatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida. Mama akadhani kapata kibarua. Kumbe wenzake wote walikuwa wanakwenda kukaa nje ya geti, wamevaa nguo zao za Jumapili, kimya, mpaka king'ora cha kumaliza zamu kilie ndipo warudi majumbani. Walifanya hivyo miezi miwili. Hakuna aliyerusha hata kokoto. Mwisho mwekezaji akaamuru king'ora kisipigwe tena. Barua ya kwanza kwenye faili ina tarehe ya wiki hiyo hiyo.

Ya mwaka 1986, makubaliano ya Tanzania na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), Mpango wa Kufufua Uchumi, shilingi kushushwa thamani, hayo tumesoma. Mimi nataka ya nyumbani kwenu, siku masharti ya namna hiyo yalipowafikia. Iwe Tanzania, Kenya, popote.

NB: siwazungumzii wale wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokuwa wakikaa barabarani Dar. Dai lao ni la kuvunjika kwa Jumuiya 1977, lina uzi wake.

Bi_Beseni

Kwetu waligoma siku tisa. Mume wangu yuko ndani ya mgomo, mie niko nje na beseni la maandazi. Siku mbili za mwanzo yanaisha kabla ya saa tatu. Siku ya nne wakaanza kukopa. Siku ya saba wakaja FFU, polisi wa kutuliza ghasia, nao wakanunua, tena taslimu. Mume wangu hadi kesho ananiita msaliti kwa ajili ya ile taslimu. Daftari la madeni ninalo. Baadhi wametangulia mbele ya haki na hela yangu.

Kitwe86

Mimi ni Mtanzania ila nimekulia Zambia, baba alikuwa dereva wa malori Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba. Desemba 1986 serikali iliondoa ruzuku kwenye unga laini, ule wanaouita breakfast. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mpigo. Ruzuku ikabaki kwenye unga wa dona wa maskini, lakini wasagishaji hawakuwa na imani kwamba serikali itawalipa fidia yao, kwa hiyo dona nao ukaadimika. Ukienda dukani unakuta ule usioumudu tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alinituma unga, nikakuta duka limefunguliwa kwa nguvu na watu wanatoka na magunia. Jirani yetu mmoja, mlokole haswa, alitoka na gunia begani, nusu limemwagikia mgongoni, mweupe kama mzimu. Akanipa kikombe kimoja kwenye kapu langu akaniambia nikimbie. Mama alipoona ule unga hakuuliza. Aliufunika na sufuria, tukala mihogo siku mbili kwa woga, siku ya tatu akausonga.

Waliofariki siku zile walitajwa kuwa 15. Rais Kaunda akarudisha bei ya zamani, na Mei 1987 akaachana na IMF. Hakudumu nje, masharti yakarudi. Juni 1990 unga ukapanda tena, vurugu zikarudi, Oktoba 1991 Kaunda akaangushwa kwenye sanduku la kura na Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Halafu ni Chiluba huyo huyo aliyeondoa ruzuku kabisa na kuuza migodi! Baba alimpigia kampeni mpaka sauti ikakauka. Nikimuuliza siku hizi ananiambia nimletee dawa zake.

Belo_la_Kwanza

Naomba leo niwe mbaya. Mnasimulia kama kabla ya hapo tulikuwa peponi. Mmesahau ugali wa yanga, yale mahindi ya njano? Mmesahau sabuni kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi? Mwaka 1983, kwenye operesheni ya wahujumu uchumi, baba alimwaga chooni madumu mawili ya mafuta ya kula aliyonunua kihalali kabisa, kwa kuogopa tu kukutwa nayo. Alilia.

Alipokuja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mimi nilifungua belo la mitumba Kariakoo nikavaa suruali isiyo na kiraka kwa mara ya kwanza. Sitaki kuombwa radhi kwa hilo wala sitaomba.

Mtoto_wa_Fundi

@Belo_la_Kwanza hujakosea, mkuu. Ila kiwanda cha mzee kiliuawa na hayo mabelo yako kabla mwekezaji hajafika. Haya, endelea.

Belo_la_Kwanza

Kiliuawa na mameneja wenu waliokuwa wanaiba nyuzi. Mimi nilikuja mazishini.

Mzazi_Nakuru

Hapa Kenya mwaka wa 1991 nilikuwa chuo kikuu. Wakakata boom, ile posho ya wanafunzi, wakasema mzazi achangie na chakula ulipe ndio ule. Tukagoma, GSU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaingia hosteli, chuo kikafungwa. Nikarudishwa nyumbani kuripoti kwa chifu mara mbili kwa wiki, na chifu ni mjomba wangu. Alikuwa ananiandikia sahihi huku akinikaripia kwa sauti ili karani asikie, kisha ananisindikiza mlangoni na mia mbili.

Sasa 2024, Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, vijana wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni namwambia binti yangu abaki kwa nyumba. Akaniuliza, "Baba, wewe 1991 ulibaki?" Nikakosa jibu. Nikampa fulana yangu ya pamba ya kulowesha maji. Alirudi saa tatu usiku, macho mekundu, kiatu kimoja. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Mjomba angekuwa hai ningempigia.

Nguzo_ya_Tatu

2002 wale Wasauzi wa kuendesha TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, waliingizwa makao makuu na polisi wenye bunduki, wafanyakazi hawawataki. Niliona kwenye TV ya baa. Baa nzima ilishangilia wafanyakazi, halafu umeme ukakatika, tukawatukana.

Mjukuu_wa_Zamu_C

@Mtoto_wa_Fundi hilo faili msitupe. Kuna orodha ya majina? Bibi yangu alikuwa kusokota nyuzi, zamu C, naye alikuwa anatoka alfajiri na gauni la kanisani na hatukujua anakwenda wapi.

Mtoto_wa_Fundi

Ipo. Zamu C wanawake ni kumi na mmoja, wengine wamesaini kwa dole gumba. Njoo PM na jina la bibi.