Wauza hita za maji na mafundi wa Dar, mmenipiga mara tatu kwa bafu moja

Wakuu, kabla hamjaanza na lile swali lenu, "Dar na joto lote hili, maji ya moto ya nini?", nalijibu kabisa: ndiyo, naishi Dar, joto nalijua, na hapana, maji ya moto si ya kwangu. Mimi naoga ya simtanki saa kumi na moja alfajiri huku nawaza foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Maji ya moto ni ya mama yangu. Ana miaka 74, ametoka Lushoto na magoti yake mabovu, na daktari kamwambia aogee maji ya uvuguvugu. Mkishamaliza kucheka, endeleeni kusoma.

Nyumba ipo Tegeta. Kulikuwa na boila ya umeme ya lita 80 juu ya dari, ilifungwa 2014, haikuwahi kunisumbua. Miaka mitatu iliyopita nikachoka na mgao wa maji, nikachimba kisima. Maji yakatoka mengi, na ya chumvi. Kuoga unavumilia, chai hainyweki. Fundi bomba akaunganisha kisima na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kwenye simtanki moja, yanachanganyika humohumo, akaniambia "bosi, hutakosa maji tena." Kweli sijakosa. Ila hakuniambia kwamba kuanzia siku ile boila yangu ilikuwa inanyweshwa sumu.

Aprili mwaka jana dari la gipsam koridoni likaota doa la rangi ya chai. Ni masika, mvua usiku kucha, kila mtu akasema bati. Nikaita fundi wa bati, akapanda, akapaka silikoni kila msumari alioukuta, nikamlipa laki na themanini. Doa likazidi kutanuka. Siku ya tatu mwanangu wa miaka sita kasimama pale, tone likamdondokea shingoni, akaja mbio: "Baba, mvua ya moto!"

Nikapanda na tochi. Boila imetoboka chini, tundu dogo tu kama la sindano ya cherehani. Fundi aliyekuja kuishusha akaifungua, akanionyesha ile nondo ya magnesiamu, au niseme mahali ilipokuwa, maana kilichobaki ni waya mwembamba kuliko kijiti cha mshikaki. Kumbe kazi ya ile nondo ni kuliwa na kutu badala ya tanki. Ikiisha, ni zamu ya tanki. Ni kitu cha kubadilisha, na kwenye maji ya chumvi kinaliwa haraka zaidi. Miaka yote hiyo nimeita mafundi mara ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaja.

Haya, nikaenda Kariakoo, kule Gerezani. Sitaji duka, sitaki kesi. Nikamweleza muuzaji kila kitu bila kuficha: tuko watu sita, anayehitaji maji ya moto ni mama zaidi, maji ni ya kisima yana chumvi, simtanki ipo kwenye mnara. Jamaa wala hakuninyanyulia macho, anachati. "Mzee, chukua hita ya sola ya lita 150, mirija 18 ya kioo, hiyo ni mwisho wa matatizo." Nikauliza, na chumvi? "Inakubali." Milioni moja na laki nane. Akaongeza kwa sauti ya chini: unataka na risiti au bila? Nikaona niokoe ile asilimia 18 ya VAT, nikasema bila. Ndiyo, najua. Nitukaneni hapo kabisa, nimestahili.

Siku ya kufunga ndiyo ninayotaka muisikie vizuri. Fundi, ambaye niliunganishwa na dukani hapohapo, kafika saa tatu asubuhi, kapandisha fremu, kachomeka mirija yote 18. Akafungua koki. Kimya. Hizi sola za mirija ya kioo nyingi hazina presha, maji yanatakiwa yashuke yenyewe kutoka simtanki. Sasa tanki la sola limekaa juu ya bati, simtanki ipo chini yake kama mita moja. Maji tangu lini yakapanda mlima? Huyu mtu alikuja akaona mnara, akaona paa, akapanda na ngazi, na hakupima kitu!

Akasema dawa ni pampu. Akaenda kununua. Aliporudi umeme umekatika. Tukakaa barazani tunasubiri, yeye anakula wali maharage wa mke wangu, na juu ya bati mirija mikavu inakaangwa na jua. Saa nane umeme ukarudi, akawasha pampu.

Pa! Kisha pa-pa! Mirija sita ikapasuka mmoja baada ya mwingine, vioo vikateremka kwenye bati hadi kwenye ungo wa mama, alikuwa ameanika choroko. Nikaja kuelewa baadaye, baada ya kusoma kile kikaratasi kwa miwani: mrija mkavu juani unaweza kupita nyuzi 200 kwa ndani, ukimwagia maji ya baridi ghafla unaweza kupasuka. Unajazwa maji alfajiri au jioni, au unafunikwa kwanza na turubai. Turubai tu, wakuu! Nilikuwa nalo stoo.

Nikapiga simu dukani: "Hilo ni kosa la ufungaji." Nikamgeukia fundi: "Bosi, mzigo feki huo." Nikawa mimi mpira wa kona, kila mtu anausubiri mwenzake aupige. Nikanunua mirija sita kwa pesa yangu, nikalipia na kuinua mnara wa simtanki.

Niwe mkweli, ilifanya kazi. Miezi mitano mama alikuwa anaoga maji ya jua bure, hata mimi nikaanza kuogea jioni. Sola yenyewe sina ugomvi nayo, na jua la Dar si la kubembeleza. Ugomvi ni chumvi. Mvua za vuli zilipoanza, mawingu siku nne mfululizo, nikawasha ile elementi ya umeme ya akiba iliyomo ndani. Siku ya pili ikaungua. Tulipoitoa ilikuwa imevaa ukoko mweupe, ule unaoujua kwenye birika la umeme, ila huu mnene kama ganda la yai la bata. Ukoko ukifunika elementi, moto hauendi kwenye maji, unabaki unaichoma yenyewe. Na mirija nayo chini imejaa chenga nyeupe, maji yanatoka vuguvugu hata jua likiwaka.

Warantii? Ipo, miaka mitano. Kwa herufi za sisimizi, Kichina na Kiingereza, imeandikwa kwamba maji ya chumvi hayahusiki. Mdogo wangu aliyesoma sheria akanichoma zaidi. Anasema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inanilinda: ukimweleza muuzaji wa bidhaa hizo unachotaka kuifanyia, na ukategemea utaalamu wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo, na ningeweza hata kulipeleka suala hili FCC, Tume ya Ushindani. Akauliza, "Kaka, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi?" Nikabadilisha mada.

Sasa hapa kwenye pigo la tatu sicheki. Hasira zote mnazoziona zimeanzia hapa.

Akaja kishoka mmoja, fundi umeme asiye na leseni, rafiki wa yule fundi. Akasema achana na matanki, funga ile shawa inayochemsha papo hapo, wati 5,500, bei rahisi. Nikakubali, nilishachoka kupanda darini. Akaifunga kwenye waya uleule wa boila ya zamani, ambayo ilikuwa ya wati 1,500. Piga hesabu: 5,500 gawanya kwa volti 230 ni karibu ampea 24. Breka ya 20 ikawa inakata kila mama akioga. Dawa ya kishoka? Akatoa breka ya 20, akaweka ya 40. "Sasa haikati tena." Ni kweli haikati. Breka inalinda waya, baba. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, kitakachokata ni moto! Wiki iliyofuata ukutani pananuka plastiki, swichi imelegea kama mshumaa.

Na ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuunganisha. Waya wa kijani na njano kaukunja kaufunga selotepu, kauficha nyuma ya kifuniko. Asubuhi moja mama akatoka bafuni kabla hajamaliza, povu la sabuni bado liko mkononi, ananiambia taratibu bila kulalamika, "Mwanangu, bomba linaning'ata." Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya kawaida. Mama yangu alikuwa amesimama peku kwenye sakafu iliyolowa, ameshika koki ya chuma. Nilikaa kwenye kochi nikatetemeka.

Na mimi nimepeleka pesa kwa hawa watu mara tatu, hakuna aliyeniuliza maswali ya mtoto: wanaoga wangapi, maji gani, waya wa ngapi. Kila mtu anakuuzia alichonacho dukani au anachojua kufunga.

Mwisho nikatafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, kijana mdogo, mpole. Yeye alikuja na kalamu kabla ya bisibisi. Akaniambia maji ya simtanki Dar tayari yana nyuzi kama 27, hatuko Makete kwenye baridi, hatuhitaji lidude. Boila ya lita 30 ikifika nyuzi 60, ukichanganya na maji ya tanki unapata kama lita 76 za nyuzi 40, karibu ndoo nne kubwa. Kuipasha hivyo ni uniti moja na kidogo ya umeme. Kwa sisi tunaonunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa shilingi 356 hivi kwa uniti, ni kama shilingi 410. Yule wa Kariakoo aliniuzia lita 150!

Kafunga ya lita 30 pembeni ya bafu la mama tu, waya mpya, ethi ya kweli hadi chini ardhini, na ile breka inayokata umeme ukivuja kidogo tu. Na jambo ambalo ningelipia hata mara mbili: katenga tanki dogo la lita 500 la DAWASA peke yake kwa ajili ya boila. Kisima kibaki kwenye vyoo, kufua na kumwagilia. Nondo ya magnesiamu tutaifungua kila mwaka tuitazame, tarehe kaiandika kwa maka peni ubavuni.

NYONGEZA: Mnaoniuliza PM jina la duka, nimesema sitaji. Anayesema "ungemwita fundi wangu", ulikuwa wapi Aprili? Na wewe wa nyumba ya paa la kujificha unayetaka kupandisha sola ya mirija, pima kwanza kimo cha tanki lako.

Fremu ya sola bado ipo juu ya bati, kunguru wameifanya kijiwe. Mirija ipo 18, ioshwe na siki tu. Anayetaka, na ana maji ya DAWASA, aje aichukue bure. Aje na ngazi yake na turubai.