Nimefungua Biblia nikakuta "Toka wewe katika nchi yako", ndo Mungu kanijibu?

mpishi_wa_weti
Bwana asifiwe jamani, na wasiokuwa wa kanisani salaam aleikum.

Mie kwetu Weti Pemba, kazi yangu mpishi, nipo hoteli moja huku pwani ya mashariki Unguja mwaka wa nne sasa. Kuna wakala kanitafutia kazi Doha, jikoni vilevile, mshahara mara tatu ya huu, mkataba miaka miwili. Shida ni mama, yupo Weti peke yake na ana presha na sukari, kaka yangu yupo Mwanza na watoto wanne hana nafasi, mie ndo niliye karibu. Nimeomba wiki nzima hakuna kitu, si ndoto si sauti. Juzi nipo kwenye boti natoka Mkoani narudi Unguja, tumefika mkondo wa Nungwi boti inaruka watu wanatapika kwenye vifuko, nkasema Bwana leo nataka jibu, nkafumba macho nkafungua Biblia nkaweka kidole. Mwanzo 12:1, Mungu anamwambia Abramu, "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako". Mwili wote ulisisimka. Nkawatumia wenzangu wa kikundi cha maombi wasap, wote amina amina, huo ni uthibitisho. Nlipompigia mama nkamsomea alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa nauliza, nyie mnajuaje kama Mungu ndo kasema au ni wewe unajisemea mwenyewe? Na si haya makubwa tu, hata ya kila siku, mtu kaja kukopa, bosi kakutukana, unafanyaje? Wakala anataka jibu Ijumaa.

kijana_wa_mbweni
Yakhe mchezo wa kidole niliuacha zamani. Nlikuwa natafuta chumba cha kupanga Mji Mkongwe, nkafunga siku nzima, jioni nkafungua, Walawi 14. Nenda kasome, kuhani kaitwa nyumbani kwa mtu kukagua ukuta una madoa ya kijani na mekundu, nyumba inafungwa siku saba, akirudi akikuta madoa yameenea mawe yanang'olewa yanatupwa nje ya mji. Sasa nambie nyumba gani ya Mji Mkongwe haina ukuta unaotoa maji, kwa sura ile ingebidi mtaa mzima uvunjwe 😂 Chumba nilichukua, na ukungu kweli ulikuwepo nyuma ya kabati, lakini hilo ningeliona kwa macho yangu kama ningelisogeza kabati kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

mzee_wa_mkunazini
Mwanangu mpishi, sikatai kuwa Mungu anaweza kukusemesha hata kwenye boti. Ila umesoma mstari mmoja, hebu rudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 11. Tera baba yake Abramu anakufa Harani, ndo sura ya 12 inaanza, na Stefano naye kwenye Matendo 7:4 anasema wazi kuwa Abramu alihama baada ya babaye kufa. Alikuwa na miaka 75, kamchukua mkewe, kamchukua na Lutu mtoto wa nduguye. Kwa hiyo huyo unayemfuata hakuacha mzee mgonjwa nyumbani. Halafu endelea mbele mpaka mstari wa 10, kafika nchi aliyoahidiwa akakuta njaa, ikabidi ateremke Misri, na huko Misri akaanza kusema uongo kuhusu mkewe. Kuitwa na Mungu hakukumzuia kukuta sufuria tupu.

Mimi ni mtu wa hapa Mkunazini, naingia lile kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa tangu mdogo. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Kila nikipita pale nakumbuka kwamba kulikuwa na Wakristo Ulaya na Marekani waliokuwa na mstari wao, Waefeso 6:5, watumwa watiini mabwana zenu, wakammiliki mtu kwa mstari huo na Jumapili wakaenda kanisani. Waliokuja kuupinga utumwa nao walikuwa na Biblia hiyo hiyo, tofauti walisoma na yaliyobaki. Askofu Steere aliyejenga kanisa lile na ambaye kazikwa nyuma ya madhabahu, alikaa miaka na wenyeji wa hapa akitafuta neno la Kiunguja la kila aya ya Agano Jipya. Sisi tunataka jibu kwa kidole kimoja boti haijafika bandari ya Malindi hapa Unguja.

Lililokuwa wazi lisikupite. Marko 7 kuanzia mstari wa 9, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali yangu ni korbani, nimemtolea Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Yaani mtu anamtumia Mungu kumkwepa mama. Sikwambii usiende, maana labda hizo hela za Doha ndo dawa za mama na mtu wa kukaa naye, na huko nako ni kumtunza. Lakini kamuulize mwenyewe. Kumsomea mstari kwenye simu si kumuuliza.

Na ile Zaburi 119:105, neno lako ni taa ya miguu yangu. Nyie mmezaliwa na umeme, sisi tukiwa Pemba tulikuwa tunatembea na kandili kwenye mikarafuu usiku. Kandili haikuonyeshi Chake ukiwa Weti, inakuonyesha shina lililo mbele ya kidole chako cha mguu, ukipiga hatua nayo inapiga.

tolle
Mzee shikamoo, lakini msimzime kijana. Mtakatifu Agostino si ndo hivyo hivyo? Mwaka 386 yupo bustanini Milano analia, akasikia sauti ya mtoto inasema chukua usome, akafungua akakuta Warumi 13, maisha yake yakageuka hapo hapo. Naye alikosea?

mzee_wa_mkunazini
Marahaba. Hakukosea, ila kile kitabu hakukiokota njiani, zilikuwa nyaraka za Paulo alizokuwa keshaanza kuzisoma, na miaka mingi moyo ulikuwa unamwambia aache maisha ya ulafi na zinaa. Ule mstari ulimwambia avae aliyokuwa anayajua. Haukumchagulia mwajiri.

mama_futari
Mie niseme ya kila siku maana ndo alouliza pia na naona wote mmekimbilia Doha. Nina genge karibu na bandari, wali maharage, chapati, samaki wa kukaanga. Mwaka wa kwanza Ramadhani ikaja, nkasema mie Mkristo sifungi, wateja wangu wengine nao hawafungi, wabara, wachukuzi, kwa nini nisiuze mchana nyuma ya pazia? Nkauza siku tatu. Siku ya nne jirani yangu bi mkubwa mmoja kapita na wajukuu wake, harufu ya samaki imejaa uchochoro mzima, hakusema kitu, kawashika watoto mkono kaongeza mwendo. Usiku sikulala. Wala sikutafuta ndoto, ilinijia ile 1 Wakorintho 8 tuliyosoma jumuiya, kwamba haki yako ya kula isiwe kikwazo kwa mwenzio. Najua Paulo alikuwa anasema habari za nyama za sanamu, si samaki wangu wa bandarini. Lakini nlijua inanihusu. Nkafunga genge mchana, saa tisa nawasha moto, tambi, kaimati, muhogo wa nazi, magharibi ikiadhiniwa foleni. Sisemi nlitajirika, mwaka ule nlipata pungufu kidogo. Ila bi mkubwa ndo aliyekuwa wa kwanza kununua kaimati, mpaka leo ananiletea sahani sikukuu na mie Krismasi nampelekea.

Wa kukopa: kama huwezi kusahau hiyo hela usimkopeshe mtu, hiyo haimo kwenye Biblia ni ya kwangu. Bosi wa kutukana, Mithali 15:1 na maji ya kunywa kabla hujajibu.

jirani_chake
Samahani naingilia, mie Muislamu ila uzi umenivuta. Kwetu mtu akiwa na jambo kama hili anaswali istikhara, rakaa mbili za sunna kisha dua, unamwomba Mungu kama jambo lina kheri akufanyie wepesi na kama lina shari akuepushe nalo. Na sisi pia vijana wanangoja ndoto, mtu anaamka anauliza nimeota ngamia maana yake nini, masheikh wanatwambia ndoto si sharti, swali, taka shauri kwa wanaojua, kisha fanya. Na mama usimvuke, hilo kwetu na kwenu moja.

nlikuwa_doha
Nimekaa kule miaka mitano, nimerudi. Ukienda kanisa lipo usiogope, eneo la Mesaimeer yamejengwa makanisa ya madhehebu mengi pamoja, la Wakatoliki lilifunguliwa 2008, na Ijumaa ndo kunajaa kwa sababu ndo mapumziko. Lakini swali langu si la kiroho, mkataba umeusoma? Wote, si ukurasa wa mshahara. Nani analipa tiketi ya kurudi, chakula na malazi nani, saa ngapi kwa siku, na pasipoti anakaa nayo nani. Sheria yao wenyewe inamtaka mwajiri akishakutolea kibali cha ukaazi akurudishie pasipoti yako. Akikuandikia vingine shtuka.

mpishi_wa_weti
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili, mzee ile ya korbani imenichoma kidogo nakiri.

Niliomba ruhusa nkapanda boti kwenda kwa mama. Tulikaa ukumbini tukamenya mihogo, nkamuuliza, mama wewe unaonaje, kweli kweli. Akasema nlikuwa nangoja uniulize. Akasema yeye haogopi kubaki, dada wa jirani atalala naye tukimpa cha mkono, anaogopa nisiende nikawa kama yule mtoto wa mtaa wa pili aliyekaa miaka mitatu harudi hapigi simu. Kisha akasema huo mkataba lete tuusome. Mama kasoma mpaka darasa la saba, kavaa miwani, anasoma mstari kwa mstari na kidole chini ya kila neno, tafsiri ya Kiswahili aliyonipa wakala, ukurasa wa nne akasimama. "Hapa wanasema pasipoti itahifadhiwa na kampuni kwa muda wote wa ajira. Hii ulisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nlikuwa nimesoma wa kwanza tu.

Nimempigia wakala nkamwambia kipengele hicho kitoke kwanza, akasema Ijumaa ni mwisho. Nkasema basi Ijumaa ipite. Kasema atanipigia. Mpaka sasa hajapiga, na mihogo ilikuwa mitamu.