Madiwani wasimamieje ujenzi mpya wa mitaa?

Swali: Wenzangu, baraza la jiji likishaidhinisha mradi wa kubomoa na kujenga upya mtaa, madiwani wahakikisheje kwamba zahanati iliyoahidiwa haisahauliki nyumba za kuuza zinapokamilika?

Jibu: Nguvu imo kwenye mkataba, ndugu yangu. Zahanati iwekewe tarehe, na kibali cha kuhamia nyumba za awamu inayofuata kisitolewe kabla haijafunguliwa, kwa kuwa mjenzi akishauza zote hana tena cha kumharakisha.

Jibu: Naongeza kwamba jengo pekee halitoshi. Kamati ya huduma za jamii iulize mapema mishahara ya wauguzi itatoka fungu gani la bajeti; vinginevyo mlango utabaki na kufuli.

Muulizaji: Nashukuru. Na wapangaji?

Jibu: Waorodheshwe kabla ya ubomoaji, maana fidia mara nyingi humfuata mwenye hati.