Tupeane uzoefu: ulijifunzaje gofu hapa Dar ukianzia sifuri?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Kawe, na kwa miaka mingi nimepita uwanja wa gofu wa Lugalo nikiwaona watu na mifuko yao ya fimbo, nikiamini ule mchezo una wenyewe. Sasa naingia mwezi wa tatu tangu nianze. Waliotangulia tusaidieni: nani alikufundisha, na nini kilikukwamisha?

Naanza mimi. Mwezi wa kwanza nilipiga kama mtu anayepasua kuni. Mara nachimba udongo, mara mpira unakatia kulia. Kedi wangu, yaani anayenibebea mfuko wa fimbo, kijana mdogo tu, akaniambia: "Kaka, shika fimbo kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Asichomoke, na asiumie." Tena akaniambia nisihangaike kuunyanyua mpira, maana uso wa fimbo umelazwa, kunyanyua ni kazi yake. Piga mpira kwanza, nyasi zifuate. Siku hiyo ayoni namba 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, ilitoa mlio ambao sijausahau.

Mama wa Upanga
Hongera mwanangu. Mimi nilianzia klabu ya Gymkhana nikiwa na miaka 51. Mwalimu alininyima draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, wiki tatu nzima, nikanuna kweli. Alinipa fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akaniweka hatua moja kutoka kwenye shimo: tumbukiza 20 mfululizo ndipo urudi hatua mbili. Ukikosa ya 19, unaanza upya.
Baadaye akanipigia hesabu. Uwanja wa par 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, unakutengea misukumo miwili kila shimo. Mashimo 18 mara mbili ni 36, yaani nusu ya mikwaju yote inaishia pale kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo! Mpira ulioruka mita 200 na ule uliosogea shubiri moja, kila mmoja unaandikwa mkwaju mmoja. Wanaokimbilia draiva siku ya kwanza wanajichelewesha, na hilo nitalisema popote.

Mdau wa Tabata
Mkuu, usinunue seti nzima. Niliuziwa fimbo 14 za mtumba mtandaoni, muuzaji akaapa ni saizi yangu. Raba za kushikia fimbo zilikuwa zimekauka na kuteleza, na fimbo ni za mtu mrefu kuliko mimi. Mgongo uliniuma miezi miwili. Hizo 14 ndizo mwisho wa sheria, si lazima uwe nazo zote. Ayoni 7, weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) na ya kusukumia zinakutosha kuanzia.

Mashoto wa Sinza
Sisi wa mkono wa kushoto tunateseka. Kila fimbo ya kuazima ni ya kulia. Nimejifunzia hizo hizo na nimezoea, ila ningepata za kwangu mapema ningefurahi.

Msomaji wa Kigamboni
Glavu mbili, jamani. Joto la Dar likilowesha moja, vaa nyingine. Na wahi asubuhi, mchana upepo wa bahari unasumbua.

Kedi wa zamani
Nimesoma hapa nimeguswa. Nilibeba mifuko kabla sijamiliki fimbo hata moja. Mpira ukipotelea majanini, mgeni anauzunguka bila mpango. Kedi ameshashika alama, tuseme mti uliokatwa tawi, anatembea mstari mmoja na macho hayabanduki pale. Tangu 2019 muda wa kuutafuta ni dakika 3 tu, zamani zilikuwa 5. Fanyeni hivyo nanyi. Na kedi akikufundisha jambo, mlipe kama mwalimu, kwa sababu siku hiyo ndiye mwalimu wako.

Mtoa mada
Shikamoo mama wa Upanga, umenigusa penyewe. Mzee wa kedi, yule kijana nilimpa ya mfuko tu, kesho nitamrekebishia. Saa 12 asubuhi nitakuwa kwenye grini na ile fimbo moja, hatua moja kutoka shimoni. Nitarudi kusema nimefikisha ngapi.