Mashine za kuchonga kwa kompyuta: mafundi seremala tutabaki na nini?

FundiKeko: Wakuu, nina miaka 17 kwenye useremala hapa Keko, Dar. Ua la mlango wa mninga nilikuwa nalichonga kwa patasi siku tatu. Jirani kaleta CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta; ua lilelile linatoka kwa saa chache. Wateja nao wananionyesha makabati yaliyochorwa na akili bandia, droo haina hata pa kufungukia! Mwanangu kamaliza kidato cha nne. Nimfundishe kazi hii?

Mama_Fanicha: Mfundishe, kaka. Mashine haijui mbao mbichi. Masika yaliyopita nilipokea mlango uliochongwa vizuri kabisa, ukavimba, haufungi. Aliyeuokoa ni mzee mmoja na randa yake.

Msumeno77: Tusidanganyane. Nauza nakshi, na oda zimehamia kwenye mashine. Kijana ajue patasi, ajue na kuchora kwenye kompyuta.

FundiKeko: Asanteni sana. Kinachoniuma ni vijana wawili niliokuwa nawapa kazi ya kuchonga, sasa wanapiga msasa tu. Dada, huyo mzee bado anapokea wanafunzi?

Mama_Fanicha: Anapokea. Mlete Jumamosi, aje na kipimo chake.